Hadithi Iliyosomwa Baada ya Komunike

Kamembe, Cyangugu
Jumapili, baada ya misa

Kwa Yaya wangu, dada yangu mkubwa Riziki,

Pokea salamu zangu, na Papa umpe za kwake kwanza kabla hujaendelea kusoma, maana najua anakaa mbele yako akikutazama midomo. Magoti yake yanasemaje siku hizi? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia kwa mkono wa Mama Sifa ilifika, au Mama Sifa alijichua mwenyewe njiani mpaka chupa ikabaki nusu? Shemeji bado yuko bandarini? Watoto wanasoma? Uniandikie yote, hata habari za kuku, maana barua zako ni fupi kama za mtu anayeandika amesimama.

Mimi huku ninakula, ninalala, ninashona. Ukiniuliza kama ni mzima, sina jibu lingine la kukupa. Mvua imenyesha vizuri, shule zitafunguliwa wiki ijayo na meza yangu sokoni imejaa sare za wanafunzi. Kaburi la Mama kule Nkanka nimelipalilia mwezi uliopita. Nilikaa pale mpaka jua likageuka, nikingoja kulia, halafu nikaona nimechelewa gari nikainuka. Yaya, moyo wangu umekufa ganzi. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue barua hii imeandikwa na mtu wa namna gani.

Kwa sababu leo sikuandikii salamu tu. Nataka kukuuliza juu ya Bahati, mdogo wetu. Tangu siku ile ya vita, mimi na Mama tulipotoka Bukavu tukavuka daraja kuja huku kwa ndugu za Papa, na ninyi watatu, wewe, Papa na Bahati, mkashika njia ya Uvira, jina lake halijawahi kuonekana kwenye karatasi zetu. Barua yako ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: "Tumefika Kalemie, mimi na Papa." Niliisoma nikamsomea Mama, na Mama akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Hakuniuliza kitu, na mimi sikukuuliza. Miaka imekwenda hivyo. Swali langu litakuja mwishoni, lakini kwanza nikueleze limetoka wapi, maana nimelifikia kwa njia ambayo ungeicheka. Nilikuwa najifunza kuandika hadithi.

Cheka basi. Feza aliyekuwa anaficha daftari la français chini ya godoro ili Papa asione alama zake, leo ni mwandishi.

Ilianza na suruali. Kuna mzee mmoja hapa, Maître Anaclet, alifundisha Bukavu miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda, sasa amestaafu. Alileta suruali nipunguze, akalikuta wazi daftari langu la vipimo. Unajua mimi siwezi kukumbuka wateja kwa majina, kwa hiyo huwa naandika pembeni: "Bega moja liko chini, anasema ameokoka lakini anaomba apunguziwe." "Kiuno kimeongezeka, anakataa." Mzee alisimama akisoma huku akicheka peke yake, akaniambia, "Feza, weye unaandikaka bantu. Kuya samedi." Mimi, kuandika watu! Nikaenda Jumamosi hiyo, nikakuta watu wanne kwenye darasa moja la parokia, na mimi nikawa wa tano.

Namna yake ya kufundisha ni hii. Unampa karatasi zako, anazisoma kwa sauti mbele ya wote, bila kuigiza, kama anayesoma orodha ya wanafunzi. Akifika mahali ambapo hadithi imemchosha au haamini, ananyamaza, anaukunja ukurasa kwenye mstari ule ule, anakurudishia. Hasemi mengi. Unaenda nyumbani kuanza upya pale kwenye mkunjo. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mzima na cheti chake, karatasi zake zilikunjwa mpaka zikafanana na feni, akaacha kuja.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya msichana na mama wa kambo, na methali kila mstari wa tatu. Aliikunja kwenye mstari wa pili. Nilikuwa nimeandika, "Alihuzunika sana." Maître akashusha miwani. "Anahuzunika, sawa. Na mikono yake iko wapi?" Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikakaa na mashine yangu, na hapo nikakumbuka kwamba mimi nimewaona watu wenye huzuni wengi kuliko yeye. Wanakuja kupimwa nguo nyeusi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia amehuzunika. Wananiuliza kama kitambaa kitachuja rangi. Wanaukunjua mkono wa gauni, wanaukunja tena. Nikaandika hayo, na Jumamosi iliyofuata alisoma ukurasa mzima.

Nilijifunza kupunguza. Kiuno cha gauni nakipunguza bila kufikiri, lakini neno ulilolitafuta nusu saa, kulikata kunauma. Nilijifunza pia kwamba mtu akiulizwa swali hajibu lile aliloulizwa. Ukimuuliza amelala wapi, anakujibu kwamba amekula. Nikaanza kuwasikiliza wateja wangu kwa namna hiyo, wakaanza kusema Feza siku hizi ana masikio. Yaya, nilipenda kazi ile. Sikuwa nasikia furaha, lakini Jumamosi nilikuwa naamka mapema, na kwangu hilo si dogo.

Halafu Maître akasema sasa kila mtu aandike juu ya mtu anayemjua kweli. "Kitu kimoja cha kweli kinatosha," alisema. "Kimoja tu, kile ambacho yeye peke yake anacho." Nikaandika Bahati.

Usikasirike. Sikuweka jina lake. Nilimwita Mugisho. Lakini nilimpa vitu vya Bahati: vile alivyokuwa anavua viatu na kuvitundika shingoni ili visiishe, na vile alivyokuwa anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaacha vichwa, anavipanga kwenye ukingo wa sahani vyote vinatazama upande mmoja, na Mama anamuuliza kama hao ni samaki au wanafunzi mstarini. Hadithi nilianzisha kama komunike. Sijui kama huko Kalemie mnazipata, lakini hapa redio ya Bukavu inasikika vizuri, na kila alasiri wanasoma komunike za waliopotea: jina, jina la baba, alionekana mara ya mwisho wapi, atakayemwona apeleke habari kwa fulani. Sisi tunashona huku tunazisikiliza. Kwa hiyo nilianza hivyo hivyo, "Anatafutwa Mugisho," halafu hadithi ikamfuata Mugisho mwenyewe njiani, kutoka Fizi, peke yake, anarudi. Anavuka mto. Anafika kwenye daraja, mama yake anampikia.

Maître aliisoma bila kusimama mpaka mtoni. Hapo akaukunja ukurasa.

"Hapa ulikuwa haujue," alisema, "ukaleta mvua."

Nilikuwa nimeandika kweli mvua kubwa, ukurasa mzima, na mvua ilipoisha Mugisho alikuwa tayari ng'ambo. Nikamwambia sijui, Maître, sikuwepo. Akaniuliza, "Haujue, ama haujauliza?" Nikafunga mfuko wangu nikaondoka. Sikuibadilisha. Wiki ile ile mmoja wetu anayejuana na mtangazaji wa redio alipeleka karatasi zetu Bukavu, na za kwangu zikachaguliwa zisomwe, nusu Alhamisi moja, nusu Alhamisi ya pili yake.

Ilisomwa mara tu baada ya komunike. Sauti ile ile, mtangazaji yule yule. Wanawake wa sokoni walizima mashine zao wakasikiliza, na ilipofika kwenye vichwa vya sambaza wakapiga makofi. Mwishoni akasema mwandishi ni Feza, fundi wa nguo, soko la Kamembe. Jirani yangu wa meza ya pili akanitania, "Sasa utatushonea ama utatuandika?" Nikacheka kwa sababu wengine walicheka.

Jumanne akaja mwanamke. Miguu yake ilikuwa na udongo mpaka magotini, ametoka Bweyeye, kule msituni, siku mbili kwa mguu. Alisimama mbele ya meza yangu ameshika khanga yake kwa mikono miwili.

"Njo weye Feza wa ku redio?"

"Njo miye, Maman. Karibu, ikala." Nikamsogezea kiti.

"Sitaikala. Uniambie tu iko wapi."

"Nani, Maman?"

"Bwana yangu. Ule mulitangaza. Anatembea na biatu ku shingo. Anapanga bichwa bya sambaza ku sahani."

Yaya, redio ya Bukavu haifiki Bweyeye vizuri, milima inaikata. Mama huyu, jina lake Venantia, alisikia vipande. Alisikia "anatafutwa," akasikia viatu shingoni, akasikia sambaza, halafu mluzi wa redio, halafu "Feza, soko la Kamembe." Mumewe Sylvère alikwenda Kamituga kutafuta kazi kabla ya vita na hakurudi. Kwake ile ilikuwa komunike kamili, hata ya kupeleka habari kwa nani alikuwa nayo.

Nikamwambia, "Maman, ile haikuwa komunike. Ilikuwa hadisi."

"Hadisi ya nani?"

"Ya muntu nilifikiria mu kichwa."

Alinitazama. "Ulimufikiria na biatu byake?"

Maître alituambia kitu kimoja cha kweli kinatosha. Hakutuambia kwamba kinaweza kumtosha na mume wa mtu mwingine. Nilimketisha kwenye kiti changu, nikamletea maji, nikamwambia ukweli, kwamba viatu na vichwa vya samaki ni vya ndugu yangu, mengine ni ya kutunga. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane, kusema kweli. Yeye alikunywa maji mpaka mwisho, akaniomba nimsomee yote, na ile nusu ambayo bado.

Nikasoma. Nakala ilikuwa kwenye droo ya mashine. Nilisoma kwa sauti kavu kama ya Maître, sokoni, mchana, watu wakipita na mizigo. Mugisho akavuka mto, akafika darajani, mama yake akampikia. Nilipomaliza, Venantia alikuwa anatikisa kichwa.

"Uyu wako amefika mbio sana."

"Ni hadisi, Maman."

"Ata kama. Kutoka Fizi mpaka hapa, nani alimupa mayi ya kunywa? Alilala kwa nani? Muntu hapitake njia ile bila kuomba bantu." Akaniwekea mkono gotini, bila hasira. "Weye haukumutafuta uyu muntu."

Hajui kusoma, Yaya. Lakini aliukunja ukurasa pale pale Maître alipoukunja.

Akanieleza anavyotafuta yeye. Komunike ameshatoa mara tatu. Anajua watu wote wanaotoka Kamituga kuuza vitu hapa, huwasimamia pale mpakani, Rusizi ya Pili, wanapovuka, anauliza. Na kila mara, alisema, swali la kwanza la watu ni moja: alivaa nini siku ile? Sura inabadilika, mtu anakonda, anaota ndevu, lakini nguo watu wanaikumbuka. Shati la Sylvère lilikuwa la bluu, kifungo cha pili si cha kwake, ni cheusi, alikishona yeye mwenyewe asubuhi ile kwa sababu kile cha bluu kilianguka kwenye ugali. Anapolieleza shati hilo sauti yake haitikisiki. Halafu akaniuliza:

"Na wako, alivala shati gani?"

"Nilimvalisha jeupe, la mikono mirefu."

"Wapi?"

"Mu hadisi."

"Nakuuliza mu kweli."

Mimi ni fundi. Nimeshona nusu ya watoto wa Kamembe, najua nani alivaa nini kwenye harusi ya nani. Nikafungua mdomo na hapakuwa na kitu. Asubuhi ile tulipoachana darajani nilikuwa nafunga godoro, nikasikia Bahati ananiita, nikamwambia ngoja. Sikugeuka. Hilo ndilo lililokuwa chini ya ile mvua yote, Yaya. Sikugeuka, na kwa hiyo sijui ndugu yangu alivaa nini.

Venantia alilala kwangu. Hatukuongea tena juu ya hao wawili. Nilimshonea pindo la khanga lililochanika, asubuhi nikampa chumvi na sabuni, akaenda zake. Hakulia, nami sikulia. Mlangoni alisema tu, "Umutangaze, Feza," akashika njia.

Siku hiyo hiyo nilivuka kwenda Bukavu kuzichukua karatasi zangu. Mtangazaji alikasirika, akasema watu wanaisubiri nusu ya pili, wamempigia simu. Nikamwambia Mugisho hajafika, siwezi kumwacha afike redioni wakati hajafika. Alidhani nimerukwa na akili. Alhamisi walipiga muziki wakati wangu wote, na wanawake wa sokoni wakaninunia kana kwamba nimewalia sahani yao. Maître nilimweleza Jumamosi. Aliniambia, "Basi umeweza, wamekuamini," na hapo, Yaya, nikapata hasira, ya kwanza tangu tumzike Mama. Nikamwambia mwanamke ametembea siku mbili kutafuta mtu niliyemshona kwa maneno. Akavua miwani, akasema pole, Feza. Bado ninakwenda kwake. Lakini hadithi ile nimeiweka chini, kwa sababu sasa nimejua haikuwa hadithi. Ilikuwa komunike ambayo niliogopa kuitoa, nikaivalisha.

Nimeandika ya kweli. Ni fupi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na hakuna hata neno moja ninaloweza kulipunguza. Jina la Bahati liko, la Papa liko, umri wake wa wakati ule uko, na njia ya Uvira. Baada ya hapo wanataka mahali alipoonekana mara ya mwisho na nguo aliyovaa, na hayo mawili unayo wewe. Papa alikuwa na homa njia nzima, nasikia hakumbuki kupita hata mji wa Baraka. Ni wewe peke yako.

Sikulaumu. Nimekaa na swali hili muda mrefu nikilipima, na sijaona popote ninapoweza kukulaumu. Ulimbeba Papa. Mimi nilikuwa nafunga godoro. Ninachokuomba si hadithi, wala usianze mwanzo. Nipe mahali na nguo. Na kama unajua kwamba hakuna tena wa kutangazwa, kama ulimwona kwa macho yako, niandikie hivyo, komunike nitaichana na Mama nitakwenda kumwambia kaburini kwake, Nkanka. Hilo pia naweza kulibeba. Kisichobebeka ni huku kukaa mlangoni, si ndani si nje.

Papa usimsomee sehemu hii. Iruke umfikishe hapa, umwambie binti yake anamsalimu kwa mikono miwili na atamshonea koti la Krismasi, anitumie kipimo cha kifua bila kuvuta pumzi ndani, namjua. Msalimu shemeji, mume wako mwema, umwambie shati nililomshonea si la kazi ya bandari. Mama mkwe wako umshukuru kwa kumpokea Papa kama kaka yake. Watoto uwabusu mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili kwa sababu sijamwona. Shangazi wa Nkanka anawasalimu wote, analima bado, anagomba bado. Na Mama Sifa, anayekuletea barua hii, mpe chakula, atangoja siku tatu Kalemie kabla ya kurudi.

Siku tatu, Yaya. Kama kalamu itakataa, usiilazimishe. Nenda sokoni, pita kwa wauza nguo na vitambaa, utafute kinachofanana na alichovaa, rangi ile, maua yale kama kilikuwa na maua. Ukate kipande cha upana wa kiganja, uweke ndani ya bahasha bila neno, umpe Mama Sifa. Mimi ni fundi. Nitakijua.

Ni mimi mdogo wako,
Feza